Kalamu za ngozi ya nyoka: mnaoniuliza siri, haya sasa

Mwangaluka wote. Juzi kijana mmoja wa Urambo kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, nimeziona kalamu zako za ngozi ya nyoka, na mimi nina mashine ya kukereza hapa nyumbani, naomba siri yake na ngozi natoa wapi, maana huku kwetu vifutu wapo kibao." Marahaba mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi ila nimeona bora niandike hapa, maana tangu nipost zile alizoagiziwa mwalimu mkuu mmoja anayestaafu meseji haziishi na wengi mnauliza hilo hilo. Na zile kalamu jamani, acha niseme tu, zimetoka. Mninga wa Tabora upande wa chini, ngozi upande wa juu, ukiishika kwenye mwanga unaona gamba moja moja limelala chini ya resini, ile gundi ya maji inayokauka ngumu kama kioo, utadhani lipo majini. Mzee alivyokabidhiwa aliuliza imetoka nchi gani, wakamwambia Ng'ambo, huu mtaa wa hapa hapa Tabora mjini, akaomba namba yangu. Nimefurahi sana na sioni sababu ya kuficha.

Sasa tuje kwenye swali. Hao vifutu waache waliko. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009 inasema ngozi ya mnyamapori ni nyara, na haiishii kwenye ngozi mbichi, hata kitu kilichotengenezwa kutokana nayo ni nyara pia. Maana yake kalamu yenyewe, imeshang'aa, imeshawekwa kwenye boksi la zawadi, bado ni nyara, na ukikutwa nayo huna kibali unaunganishwa na kesi ya uhujumu uchumi, usije ukasema ni kakipande tu ka sentimita tatu. Chatu ndio zaidi, yupo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mteja wako akitaka kusafiri nayo nje ya nchi aulizie kibali mapema, asisubiri kufika uwanja wa ndege.

Mimi kabla sijanunua hata kipande nilienda ofisi ya wanyamapori nikaeleza nachotaka kufanya, nikaelekezwa, nikafuata taratibu mpaka nikapata leseni. Ngozi nachukua kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya biashara ya nyara, imeshachakatwa, na risiti na hati zake zinakaa kwenye faili pale karakana. Kuna waliokuwa wananicheka na faili langu, fundi kalamu ana faili kama mhasibu. Sawa, lakini leo mimi naweka picha zangu hadharani bila kuogopa mtu, wao je? Hata lile gamba ambalo nyoka amejivua mwenyewe ukaliokota shambani, kaulize kwanza TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, usijipe majibu ya mtaani.

Kama hizo taratibu unaona ndefu, anza na ngozi ya samaki. Ngozi ya sangara iliyochakatwa inapendeza sana na ina alama za magamba makubwa makubwa, inafanyiwa kazi vile vile nitakavyoeleza hapa chini na huhitaji kujificha. Wateja wengine wameipenda kuliko ya nyoka.

Kitu kingine, wengi mnadhani nyoka mkubwa ndio kalamu nzuri. Piga hesabu. Kibomba cha shaba cha kalamu nene, kile kinachokaa ndani ya kalamu, kina kipenyo kama milimita 10, ukikizungushia ngozi unahitaji upana wa sentimita tatu na kidogo basi. Yale mabaka ya chatu, baka moja tu ni kubwa kuliko hapo, kwa hiyo ukikata kipande unapata doa la kahawia upande mmoja na weupe upande wa pili, mtu hawezi kujua kama ni chatu au ni karatasi. Nyoka wembamba ndio michoro yao inaenea kwenye kalamu. Wamarekani wanatumia sana nyoka wao wenye njuga mkiani na ukiangalia kazi zao utaona ni kwa sababu hiyo, mchoro unakaa wote. Na chagua ngozi ya mgongoni, magamba ya tumboni ni mapana, yanaacha mistari kama ngazi.

Halafu usianze na zile kalamu nyembamba za milimita 7. Kati ya kibomba na unene wa mwisho wa kalamu pale unabaki na nafasi isiyofika hata milimita moja kila upande, ngozi iingie humo, gundi iingie humo, na resini juu yake. Ukigusa patasi kidogo tu umeshafika kwenye magamba. Nunua seti za kalamu nene, ni ghali kidogo ila zinakupa nafasi.

Kazi yenyewe iko chini ya ngozi, nawaambia siku zote. Kibomba kipige msasa kikwaruzike ili gundi ishike, halafu kipake rangi, maana ngozi ikishalowa resini inakuwa kama karatasi ya maandazi iliyoingia mafuta, unaona hadi shaba ya ndani. Mimi napaka nyeusi kwa ngozi zenye giza na krimu kwa zile nyepesi. Ngozi yenyewe igeuze, upande wa nyama ukwangue taratibu na wembe mpaka iwe nyembamba sawasawa kote. Halafu ikaushe. Narudia, ikaushe. Ngozi ikiwa na unyevu hata kidogo resini inatoa mapovu, na resini nyingine za polyurethane zikikutana na maji zinaumuka kabisa.

Kiungo ndio kinachotofautisha fundi na mbabaishaji. Ukipandisha ngozi juu ya ngozi unapata nundu, na nundu ukiifikia na patasi inachanika. Zungusha ngozi kwenye kibomba, ipandane kidogo, kisha kata zote mbili kwa pamoja na wembe mpya kwa mstari mmoja, toa vile vipande vya ziada, ncha zitakutana zenyewe. Mimi hapo natulia, nafungia redio, sitaki mtu aniongeleshe. Hicho kiungo kipange kikae chini ya klipu, mwenye kalamu asikione. Magamba yaelekee kwenye ncha ya kuandikia, ukiyageuza mtu anashindwa kusema tatizo ni nini ila anaona kuna kitu hakijakaa vizuri. Funga na uzi mpaka gundi ishike, toa uzi, halafu pakaa supa gluu nyembamba juu ya ngozi yote, acha ikauke, rudia. Hiyo inafunga hewa iliyojificha chini ya magamba. Wengi wanaruka hapa halafu wanalaumu resini.

Resini sina maneno mengi, fuata vipimo vya kwenye chupa, kama ni mbili kwa moja iwe mbili kwa moja, usikadirie kwa macho. Ziba matundu ya kibomba ili isiingie ndani, simamisha kwenye kipande cha bomba la plastiki, mimina polepole upande mmoja. Mwenye uwezo atafute tenki la presha, mimi natumia psi 40 hadi 60 ila hakikisha tenki lako limeandikwa linabeba hiyo presha, msije mkatumia masufuria ya mtaani yakawalipukia. Hapa Tabora mwezi wa kumi joto ni kali, resini inaanza kushika ukiwa bado unakoroga, kwa hiyo changanya kidogo kidogo na ufanye asubuhi. Masika ndio kabisa, unyevu kila mahali, ngozi uliyoikausha jana leo imeshavuta maji. Ikaushe tena kabla ya kumimina. Kukereza mnajua, patasi kali, mkono mwepesi, msasa wa maji mpaka namba 2000, malizia na polishi ya magari. Vaa barakoa na miwani, vumbi la resini sio la kuchezea kifuani.

Ila kuna jambo limenikaa moyoni na nimeahidi nitaliandika. Kuna duka moja la zawadi, silitaji, lilikuwa linachukua kalamu zangu kwa jumla. Nikawa nashukuru, wananiunga mkono. Siku moja jamaa yangu akanitumia picha ya kalamu amenunua hapo, ananiuliza kama na mimi naweza kutengeneza ya hivi, na kwenye boksi imeandikwa imetoka nje, bei mara tatu ya niliyouza mimi. Ni kalamu yangu! Mninga naujua, kiungo nakijua, nimekikata kwa mkono wangu. Nilipopiga simu nikaambiwa wateja hawawezi kulipa bei hiyo wakijua imetoka Tabora. Hayo maneno yaliniuma na bado yananiuma. Na huku mtaani napo wapo waliokuwa wanapita mbali na karakana yangu wakisema nafuga majini, anayeshika ngozi ya nyoka ana mambo yake. Sisi tuliokulia kwenye nchi ya Wayeye, watu wanaocheza ngoma na chatu na kutibu walioumwa na nyoka, ndio tuogope kipande cha ngozi kilichokauka?

Ndugu zangu vijana, mnajificha sana. Mnatengeneza kitu kizuri halafu mnamuuzia mtu akibandike jina la mwingine, na mnashukuru. Acheni. Muumba kakupa mikono, kakupa akili, halafu unaona haya kuandika umetoka Kaliua au Sikonge? Mteja anayedharau kwenu sio mteja wako, mwache aende. Na msiuze kazi kwa jumla kabla hamjaandikishana jina litakaa wapi.

Mimi sasa kila kalamu inatoka na jina. Nakata kikaratasi chembamba, nimechapa jina langu na neno Tabora kwa herufi ndogo kabisa, nakibandika kwenye ngozi pembeni ya kiungo kabla ya kumimina resini. Ikishakauka jina liko ndani, huwezi kulikwangua bila kuua kalamu. Karatasi iwe nyepesi, nayo ipakae supa gluu kwanza pande zote mbili, wino wa printa ya kawaida unachuja ukilowa kwa hiyo chapa kwa leza. Na nakala ya risiti ya ngozi naiweka ndani ya boksi, mteja aondoke nayo.

Kijana wa Urambo, ukija mjini pita karakana uje na vibomba vyako na wembe mpya, ngozi ya sangara ninayo ya kufanyia mazoezi. Jumapili sifungui.