Gurgum 13: Kabla hujameza dawa ya ini ya Kitibeti

Mwaka wangu wa pili chuoni Punjab, India, niliamka macho yamekuwa rangi ya binzari. Damu ikapimwa: homa ya ini aina ya A, ile ya maji na chakula kichafu. Daktari hakuandika dawa yoyote. Pumzika, kunywa maji, acha pombe, rudi tukupime. Nikajiona sikutibiwa, hospitali gani unatoka bila hata kidonge?

Rafiki akanipeleka Dharamshala, milimani kwa wakimbizi wa Kitibeti. Huko ndiko walikoifufua mwaka 1961 taasisi yao ya tiba, Men-Tsee-Khang, iliyoanzia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1916. Amchi, yaani tabibu, alinishika mapigo kwa vidole vitatu, mkono huu kisha huu, kimya kabisa. Mkojo wa asubuhi akaukoroga kwa kijiti akatazama povu. Kwao ini huenda na tripa, nyongo, ambayo asili yake ni joto, kwa hiyo dawa yake sharti ipoze. Akanipa gurgum 13: gurgum ni zafarani, na 13 ni idadi ya vitu vilivyochanganywa. Vidonge vigumu kama kokoto, unaviponda na kushushia maji ya moto. Vichungu! Akakataza pilipili, mafuta na pombe. Karibu yale yale ya daktari, ila safari hii nilitii.

Wiki chache baadaye macho yakawa meupe. Ni gurgum? Siwezi kuapa, maana aina ya A kwa kawaida huisha yenyewe. Ndiyo sababu hunikera mtu akisifia "dawa ya ini" bila kusema ini lake lilikuwa na nini. Mwenye aina ya B sugu anaweza kujiona mzima miaka mingi huku ini likiliwa, na dawa za kuvidhibiti virusi hivyo zipo hospitali. Pima kwanza.

Ukishajua, uliza kilichomo. Zafarani ni ghali, na mara nyingi huwekwa ua jingine la rangi kama yake. Baadhi ya vidonge vyao vya thamani vina zebaki iliyosafishwa kwa njia zao. Mwenye ini bovu, mimi singemshauri avimeze. Na kama unatumia dawa za kifua kikuu, ambazo zenyewe hulielemea ini, usichanganye kimya kimya.

Mimi pakiti yangu nilimpelekea daktari yule yule. Alinuna, akanakili jina la dawa kwenye faili langu, kisha akaagiza damu ipimwe tena.