Kambi ya likizo kabla ya shule ya bweni
Ndugu, umeuliza kama kambi ya likizo ya Juni itamsaidia binti yako, anayeingia bweni Januari, kuzoea mazingira mapya. Kwa maoni yangu itamsaidia, mradi usimpigie simu kila jioni. Kambini mtoto hulala na wenzake asiowafahamu, hutandika kitanda chake, hupanga foleni ya chakula na hujifunza kumweleza mlezi shida yake bila mama kumsemea. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu bwenini si rahisi kupata mtu wa kumsoma usoni. Huenda akalia siku za mwanzo, na hiyo si dalili mbaya. Mfungashie sweta na blanketi zito, maana usiku wa Juni hapa Dodoma una baridi na upepo. Kabla ya kulipa, uliza kila mlezi anasimamia watoto wangapi na ni nani analala nao.