Jibu: Je, niuze hisa zangu kabla bei haijashuka zaidi?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni busara kuuza hisa zako zote za Safaricom sasa, kisha uzinunue tena soko likishatulia. Nakusihi usiuze kwa sababu ya hofu pekee.

Hisa hizo ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na wapo waliokopa benki ili wasipitwe. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekuwa akidaiwa hakuwa na nafasi ya kusubiri, ingawa M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, ilikuwa ikiendelea kupata wateja wapya. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40, na miaka miwili baadaye ikawa chini ya 20, hivyo walioumia zaidi ni wale walionunua wakati kila mtu alipokuwa akizisifu.

Kwa hiyo jiulize kwanza ni lini utaihitaji fedha hiyo, kwa maana bei itaelekea wapi hata madalali hawajui. Karo ya mwakani isikae kwenye hisa kabisa. Dhamana za serikali za muda mfupi, yaani kuikopesha serikali kwa muda mfupi ili ulipwe na riba, zinaifaa zaidi. Fedha ya miaka kumi ijayo unaweza kuiwekeza kidogo kidogo kila mwezi, kiasi kilekile, bei iwe juu au chini, lakini si katika kampuni moja tu. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa umesema akiba yako yote iko hapo. Je, umetenga chochote cha dharura?