Kemo Ijumaa, leksha Jumanne: majibu ya maswali yenu

Habari zenu jamani. Kwa wasionijua, mi nasoma ualimu hapa Dodoma, nipo mwaka wa 3. Mwaka wa 2 nikagundulika nina kansa ya mitoki (zile tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena), ile inaitwa limfoma ya Hodgkin, nikawekewa kemo, yani dawa za kuua kansa kwa dripu, mara 12, dawa 4 kwa mkupuo mmoja kila baada ya wiki 2, yani kama miezi 6, na muda mwingi wa hiyo miezi nilikuwa nalala hosteli na kuingia darasani kama kawaida. Tangu nianze kulisema hili wazi maswali yamekuwa mengi sana, nimechukua haya ambayo yanajirudia. Mi sio daktari, nawaambia niliyopitia na niliyofundishwa na manesi wa wodi, ya kwako muulize daktari wako.

*Nipo mwaka wa kwanza, naanza kemo mwezi ujao. Nikiahirisha naogopa kukosa bumu (hela ya mkopo ya kujikimu), nikiendelea naogopa kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli). Nifanyeje?*

Pole sana mdogo wangu. Kwanza usiamue leo. Subiri upige kemo ya kwanza na ya pili ndo utaujua mwili wako unavyokwenda, maana kila mtu na wake. Mi nilichukua kidaftari nikawa naandika kila siku najisikiaje na baada ya mwezi nikaona mpangilio kabisa: nikichomwa Ijumaa, usiku wa kwanza silali kwa sababu ya zile dawa wanazokupa za kuzuia kutapika, Jumamosi mpaka Jumatatu sifai, hata harufu ya mafuta ya chipsi pale getini inanitoa mbio, Jumanne najikongoja leksha, Jumatano kwenda mbele nipo sawa mpaka Ijumaa ya zamu nyingine. Nilipoliona hilo nikamuomba nesi zamu zangu zote ziwe Ijumaa akakubali, kwa hiyo nikawa napoteza vipindi vya Jumatatu tu kila wiki mbili. Vipindi vya Jumatatu CR, yani kiongozi wa darasa, alikuwa ananirekodia kwa simu.

Sasa kosa langu mimi, na hili naomba ulisikie vizuri, nilificha. Nilikosa testi ya kwanza nikasema nilikuwa na malaria, karatasi sina, nikapigwa sifuri. Baadae nilipoenda na ukweli mwalimu mmoja akanitazama juu mpaka chini akasema mbona unaonekana mzima, nililia njia nzima mpaka hosteli. Lakini nikifikiria vizuri, angejuaje? Siku ile ile nikaomba ripoti ya daktari nikatoa kopi, moja kwa mkuu wa idara, moja kwa dean wa wanafunzi, moja kwenye zahanati ya chuo, na toka siku hiyo sijagombana na mtu. Ukiwa na barua kabla ya mtihani unaomba spesho, yani mtihani maalum unaofanya baadae, na spesho inahesabika kama ndo mara yako ya kwanza kuufanya, alama unapata ulichostahili. Ukipotea tu bila barua unaangukia kwenye sapu (mtihani wa marudio) au pabaya zaidi, na vyuo vingi sapu hata ufaulu vipi unaishia C. Tofauti hiyo yote ni karatasi moja tu.

Kuahirisha mwaka sio aibu pia. Kama dawa zako ni za kila wiki au umeambiwa utahitaji mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, mionzi ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa mfululizo, hata kwa treni ya umeme huwezi kwenda na kurudi Dodoma kila siku, ahirisha tu. Ile 10,000 ya siku ya bumu itasimama kweli, ila pitisha barua kwa afisa mikopo wa chuo mapema ili ukirudi jina lako liwe hai. Na angalia kadi ya bima inaisha lini! Isiishe ukiwa katikati ya dozi. Kama kuna dawa bima haibebi usikae nayo moyoni, pale hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, ingia, eleza, wale kazi yao ndo hiyo.

*Rumeti wangu anatibiwa kansa. Samahani kwa swali, inaambukiza? Na choo tunachangia.*

Usiombe samahani, wengine hawaulizi wanahama chumba kimya kimya, hiyo inauma zaidi. Kansa haiambukizi. Sio kwa kula sahani moja, sio kwa kulala kitanda cha juu yake, sio kwa kuvaa khanga yake. Ni kinyume chake, wewe ndo unaweza kumuambukiza yeye mafua yako, na kwake mafua sio kitu kidogo maana kemo inashusha chembe nyeupe za damu, hasa kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dripu. Ukianza kukohoa vaa barakoa au kalale kwa rafiki siku mbili tatu.

Choo ni kweli kuna cha kuzingatia. Kwa siku kama 2 baada ya kuchomwa, dawa inatoka kwenye mkojo, choo na matapishi, kwa hiyo akitoka amwage maji mara mbili, anawe kwa sabuni, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake na anayefua avae glavu. Mojawapo ya dawa zangu ilikuwa nyekundu kama Fanta ya strobere na mkojo nao unatoka mwekundu siku hiyo, siku ya kwanza mwenzangu aliona akajua ni damu akataka kuita watu. Na mnajua maji ya hosteli zetu, kuna siku yanakata asubuhi mpaka usiku. Rumeti wangu alikuwa kila Alhamisi jioni anajaza ndoo mbili anaziweka chini ya kitanda changu, wala sikumuomba. Ukitaka kumsaidia mwenzio anza na hizo ndoo.

*Unakula nini? Mimi kila kitu kina ladha ya chuma.*

Hapa ntaongea sana maana ndo vita ya kila siku. Hiyo ladha ya chuma ni dawa, inaondoka, ila inachelewa. Tumia kijiko cha plastiki au kula kwa mkono, kamulia limao kidogo kama mdomo hauna vidonda. Kula kidogo kidogo mara nyingi, usisubiri njaa maana njaa yenyewe haiji. Nyama nilikuwa siwezi hata kuiona, nikahamia kwenye mayai ya kuchemsha yaliyoiva kabisa, maharage, karanga za kusaga kwenye uji.

Vidonda vya mdomoni vilipokuja ndo niliuelewa mlenda. Mi Mrangi wa Kondoa, mlenda nimekulia, lakini chuoni nilikuwa nauona chakula cha nyumbani tu, sasa kuna mama wa Kigogo anapika karibu na Ng'ong'ona, ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, unateleza wenyewe koo haligusi, wiki zile mbaya nilikuwa namtuma boda akanichukulie kila mchana, ukiwa wa moto umetoka jikoni. Huyo mama nikimuomba asiweke pilipili na magadi apunguze alikuwa anafanya bila kununa. Mdomo nilisukutua mara 4 au 5 kwa siku kwa maji ya chumvi, robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, zile dawa za kusukutua zenye spiriti zinaunguza usiguse.

Vya kuacha kwa muda ni kachumbari ya mtaani, juisi ya miwa yenye barafu isiyojulikana maji yake, mayai yenye kiini kibichi, maziwa mabichi. Zabibu zetu za Dodoma sikuziacha, msimu wa Februari na Machi unapita vipi bila zabibu? Ila nilikuwa naziosha punje moja moja kwa maji ya kuchemsha, na siku ambazo kipimo cha damu kimetoka chembe zipo chini sana nilizitazama tu. Maji chemsha, kunywa mengi, hasa hapa kwetu jua na upepo unakukausha hujui. Na choo kikigoma, maana mojawapo ya dawa inafunga tumbo, sema kliniki mapema wakupe dawa usisubiri wiki.

*Nywele?*

Zangu zilianza kutoka wiki ya 3, bafuni, kwa mafungu. Nikamuita rumeti akaninyoa zote jioni hiyo hiyo na sikujuta, kuziokota kwenye mto kila asubuhi ndo kunaumiza. Mi navaa mtandio kwa hiyo darasani hakuna aliyejua, lakini kichwa kilisikia baridi ya Julai mpaka nikalala na kofia ya sufu. Zimerudi miezi miwili mitatu baada ya kumaliza, laini kama za mtoto. Jua la mchana funika kichwa na mikono, baadhi ya hizi dawa zinafanya ngozi iungue haraka.

*Mimi ni mama, mwanangu anatibiwa akiwa chuo. Bibi yake anatuma dawa za miti na kombe (maji yaliyooshea aya za Kurani). Nimpe?*

Shikamoo mama. Nakuelewa kabisa, kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Bibi yangu alituma chupa ya majani yamechemshwa, meusi, hajui hata mwenyewe yamechanganywa nini, alipewa na mtu anayemuamini. Nilimpelekea daktari akaniuliza kwa upole tu, bibi anajua ini lako wiki hii likoje? Kemo inasafishwa na ini, na miti mingi nayo inapita hapo hapo, ini likichoka wanasimamisha dozi, na dozi ikisimama kansa yenyewe haisimami. Kwa hiyo dawa ya miti hapana mama, na kama ameshaanza kunywa basi daktari aambiwe bila kuogopa kugombezwa. Kombe nilikunywa, dua sikukataa hata moja, ila tuliomba litengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, na shehe mwenyewe alisema hilo halina shida. Bibi alifurahi. Mtumie mtoto unga wa lishe, karanga, mafuta ya alizeti, na mpigie simu Jumapili, siku ya tatu ndo upweke unakuwa mkali.

*Nina uvimbe shingoni mwezi wa pili, hauumi. Nimeambiwa nikatwe kinyama lakini watu wanasema kansa ikiguswa kisu inasambaa.*

Kaka, nenda. Kesho ikiwezekana. Hayo maneno na mi niliyasikia na yalinichelewesha. Kinyama kinakatwa ili kiangaliwe kwa darubini, maana kwa kuangalia kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha kansa ya mitoki na TB ya mitoki, na zote mbili zipo kwetu, na tiba zake ni tofauti kabisa. Watu wanaona fulani alikatwa akafa wanasema ni kisu, kumbe alifika amechelewa, ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Mi kwenye zahanati moja nilitibiwa taifodi mara 3, nikaambiwa aleji kwa sababu nilikuwa nawashwa mwili mzima, huku usiku naloa jasho mpaka nageuza godoro na kilo zinapungua. Uvimbe usiouma ukizidi wiki 3, 4, pamoja na jasho la usiku, homa zisizoeleweka au kukonda, omba mwenyewe kipimo cha kinyama. Hodgkin ni katika kansa zinazotibika vizuri, wengi wanapona, na ni ugonjwa unaowapata sana vijana wa umri wetu.

*Nimwambie mpenzi wangu? Na ntakuja kuzaa?*

Kuhusu kuzaa muulize daktari kabla ya dripu ya kwanza, sio baada. Dawa nilizopewa mimi kwa kawaida haziharibu sana uzazi, ila zipo ambazo zinaharibu, na wanaume wanaweza kuhifadhi mbegu kabla. Wakati wa tiba usishike mimba kabisa, tumieni kinga. Kumwambia, mwambie. Wangu aliondoka, sitamsema vibaya, alikuwa na miaka 22 na aliogopa. Mwezi mmoja nililia, alafu nikaona kumbe mchana wote ule nilikuwa natumia nguvu zangu chache kujifanya sijachoka mbele yake.

*Homa ikija usiku, nimeze panadol nisubiri asubuhi?*

Hapana hapana. Nunua kipimajoto, famasi kipo, hata kama itabidi uruke chakula cha siku. Ikifika 38 unaenda hospitali saa hiyo hiyo, hata saa 9 usiku, na usimeze panadol kabla ya kupima maana itaficha. Chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizi yanaweza kukumaliza kabla ya jua kuchomoza.

Mi ilinikuta kemo ya 5, siku ya 10. Nilisikia baridi nikajifunika mablanketi yote nikasema ni upepo tu wa mlimani. Aliyegundua ni rumeti, aliamka kwenda chooni akasikia meno yangu yanagongana, akanipima, 39.2. Kwa sababu nilishamwambia kila kitu wiki mbili kabla hakuuliza maswali, alichukua lile faili langu la bluu akampigia bajaji, kufika mapokezi akasema yupo kwenye kemo siku ya 10 ana homa, maneno hayo tu, nikapitishwa nikawekewa antibiotiki ya mshipa. Nililazwa siku 6. Wewe unayeuliza, mwandikie rumeti wako hayo maneno kwenye karatasi bandika nyuma ya mlango, faili likae sehemu anayoijua, na namba ya boda au bajaji mmoja anayelala karibu na hosteli iingie kwenye simu zenu zote mbili leo kabla hamjalala.