Embe kwa mbwa mzee
Anaweza kula, ila menya ganda na utoe kokwa kabisa. Kokwa likimezwa hukwama kwenye utumbo, na hapo ni upasuaji. Katakata vipande vidogo kama punje za mahindi, maana meno ya uzeeni mara nyingi yamelegea na wengi humeza bila kutafuna. Papai lililoiva, bila mbegu, ni laini zaidi. Mimi ningeanza na hilo. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Zabibu, mbichi au kavu, usimpe hata moja: zinaweza kuua figo, na za mzee huwa zimeshachoka. Kama ana kisukari, muulize daktari wake kwanza.