Mimba ya wiki 10 na chakula cha moto kwenye plastiki

Dadangu wa Kisauni, nimekuelewa: una mimba ya wiki 10, kila mchana kazini unapasha samaki wa kupaka ndani ya mkebe wa plastiki, na sasa hulali kwa kuhofia homoni za mtoto. Usijilaumu. Uliyokwisha kula hayamaanishi mtoto ameshadhurika.

Ila hofu yako ina msingi. Kemikali za baadhi ya plastiki, kama bisfenoli na ftaleti, huiga homoni za mwili au huzivuruga, na miezi hii ndiyo viungo vya mtoto vinaumbika. Joto na mafuta huzitoa kwenye plastiki kwa wepesi, na tui la nazi la huyo samaki wa kupaka lina mafuta mengi. Mimi nilipokuwa mjamzito nilihamia bakuli la kioo, na chai ya moto sikuitia tena kwenye plastiki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo krimu ya kung'arisha uso uliyoitaja kwa kupita. Baadhi ya krimu hizo huwa na zebaki, metali yenye sumu ambayo hupenya kondo la nyuma hadi kwa mtoto; nyingine zina steroidi, dawa kali zinazofanya kazi kama homoni. Acha kuipaka, kisha peleka kopo lenyewe kliniki wiki hii, umwambie mkunga umeitumia muda gani. Ukiona damu au tumbo likikukata sana, nenda hospitali siku hiyo hiyo.