Haraka ya uongo inaua hadithi ya gemu

Juzi kijana mmoja wa Lindi kaniandikia. Anatengeneza gemu ya ulimwengu wazi, ile ambayo mchezaji anazurura atakako, kwa Godot, programu ya kuundia gemu, peke yake, usiku akitoka kazini. Anasema: "Kaka, kila ninayempa ajaribu anaiacha misheni kuu anakwenda kuvua. Mama wa mhusika katekwa, yeye anavua samaki! Nipunguze ramani?"

Mdogo wangu, usiiguse ramani. Mchezaji wako hana kosa. Umemwambia akimbie, kisha ukamweka mahali ambapo kutembea ni kutamu, na mama hadhuriki hata akichelewa mwezi mzima. Kilichobaki amekitambua mwenyewe: haraka uliyompa ni ya uongo.

Hili nalisema kwa uchungu. Gemu yangu inaanzia Kilwa Kisiwani, enzi za dhahabu ya Sofala, na binti wa nahodha anamtafuta kaka yake aliyechukuliwa kwenda kaskazini. Niliipeleka kwenye shindano Dar es Salaam. Jaji mmoja akashika padi ya kuchezea dakika chache, akatangaza mbele ya ukumbi mzima kuwa hadithi imepooza: niweke saa ya kuhesabu muda, nifute nusu ya vijiji. Watu wakacheka. Vijiji vile nilivichora kimoja kimoja, nimekwenda hadi Kilwa kupiga picha milango, visima na kuta za matumbawe. Kicheko kile hakijanitoka hadi leo. Sikufuta kijiji hata kimoja, na nilifanya vizuri.

Saa yenyewe si mbaya, ilimradi iwe ya kweli. Fallout ya 1997 inakupa siku 150 kutafuta chipu ya mtambo wa maji wa watu wako walio handakini. Ukizembea, wanakufa na gemu inaisha. Majora's Mask ya mwaka 2000 inakupa siku tatu kabla mwezi haujaanguka, na dunia nzima imejengwa kuzunguka siku hizo. Sasa chukua Fallout 4 ya 2015. Mwenzi wako anauawa mbele ya macho yako, mtoto wenu mchanga anaibwa, na dakika chache baadaye unaokota mbao, unajenga vibanda, unalima. Kaa hivyo utakavyo, hadithi inakungoja palepale. Kwangu mimi ile ndiyo hadithi iliyopooza, japo ina kila aina ya kelele.

Walioweza kulitatua hili ni wale waliompa mchezaji sababu ya kutokuwa na haraka. Katika Morrowind ya 2002, mkubwa wako wa kazi anakuambia waziwazi: wewe bado mgeni, jiunge na chama, pata uzoefu, kisha urudi. Kuzurura kukawa ndiyo kazi uliyotumwa. Breath of the Wild ya 2017 inasema binti mfalme amemzuia adui kwa miaka 100. Ukishatoka eneo la mwanzo, unaweza kwenda kumkabili moja kwa moja, au uzunguke kwanza upate nguvu. Hakuna aliyekudanganya.

Mimi sababu yangu niliikuta baharini. Hadithi inaanza kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikivuma. Vyombo vya Arabuni vimetia nanga Kilwa, na hakuna nahodha mwenye akili atakayeelekea kaskazini hadi kusi, upepo wa kusini, ianze. Binti hana budi kungoja. Basi akienda Songo Mnara kudai deni, akijifunza nyota kwa mzee, akinunua mtama bara, vyote ni maandalizi ya safari ileile. Wala sikuandika popote "zimebaki siku kadhaa". Upepo unaonekana: mafundi wanakaza mishono ya mitepe, vyombo vya mbao zilizoshonwa, kwa kamba za nazi, wengine wanapaka mbao sifa, yaani mafuta ya samaki, bei ya chakula cha safari inapanda, halafu asubuhi moja bendera ufukweni zimegeukia upande mwingine.

Niliiweka kwenye banda la gemu hapa Mikindani nikasimama nyuma, kimya. Dogo mmoja alikuwa amenogewa na biashara ya chumvi kweli kweli. Akaona bendera zimegeuka. Aliitupa chumvi yote akapiga mbio hadi bandarini, na kwenye ramani sikuwa nimeweka alama yoyote. Wenzake wakapiga kelele, "Wahi, wahi, jahazi litakuacha!" Natamani jaji yule angekuwepo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mpe mchezaji sababu ya kungoja. Mama asitekwe. Awe amekwenda Tandahimba kwenye korosho za mjomba, na mpaka mnada ufanyike na wakulima walipwe, hana nauli ya kurudi wala simu haipatikani. Wasiwasi upo, lakini kukimbia hakusaidii kitu. Kila misheni ya pembeni imguse mama kidogo: mmoja anamdai, mwingine alimwona stendi ya Masasi, wa tatu anaficha jambo. Nitarudia mpaka mnichoke: sababu ya kungoja kwanza, mapigano baadaye. Na tuache kukata ulimwengu wetu ili kumridhisha mtu aliyeshika padi dakika tano. Sisi tunaotengeneza gemu huku kusini tuna misimu, minada, maji kupwa na maji kujaa, saa ambazo wachezaji wetu wanazijua tangu utotoni. Tuzitumie.

Ila muda wa kungoja ukiisha, funga mlango kweli. The Witcher 3 inakuonya kabla ya kwenda Kisiwa cha Ukungu kwamba baadhi ya misheni zitapotea. Fanya hivyo. Weka onyo, weka sevu ya pembeni ili aweze kurudi pale alipofikia, mwache apande chombo kwa hiari yake. Akishapanda, usimpe misheni ya pembeni hata moja mpaka atie nanga.